Uso Aliompa Mumiani

Fundi alikuwa akifanya kazi barazani, ameipa barabara mgongo. Mbele yake, juu ya dirisha la chumba, alitundika kioo kidogo cha kunyolea, na ndani ya kioo hicho alitazama watu wa Temeke wakipita: muuza maziwa na baiskeli yake, wanawake na ndoo, wazee wakienda msikitini. Wageni walidhani ni mtu anayejipenda. Wenyeji tulijua sababu. Alikuwa mchonga picha za kuchapa, na picha ya kuchapa huchongwa kinyume kwenye kibao, ili ikigandamizwa kwenye karatasi isimame sawa. Miaka mingi ya kazi hiyo ilimfanya awaone watu vizuri zaidi wakiwa wamegeuzwa.

Alikuwa mpangaji wangu kwa miaka tisa. Nyumba aliniachia marehemu mume wangu, vyumba sita na ukumbi katikati. Fundi alichukua chumba cha mbele kwa ajili ya mwanga wa asubuhi. Mie nilikaa cha nyuma na binti yangu, Zuhura. Riziki yangu ilikuwa kushona vitabu. Mhindi mwenye kiwanda cha chapa kule mjini aliniletea kurasa zilizokwisha kunjwa, nami nilizipanga, nikazitoboa, nikazifunga kwa uzi. Kazi hiyo Fundi ndiye aliyenitafutia, maana kiwanda hicho hicho ndicho kilichomtumia yeye. Alichonga lebo za sabuni, ngamia wa paketi za majani ya chai, mwezi na nyota wa kalenda. Siku nzima vumbi la mbao lilimkaa kwenye nyusi, akawa kama mzee kabla ya wakati.

Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo. Penseli yake hukupewa hata kama unataka kuandika jina la maiti. Lakini shati alilovaa alikuwa tayari kulivua akupe, na nilimwona akifanya hivyo mara mbili. Watu hakuzungumza nao sana. Mbao alizungumza nazo kutwa, akazibembeleza, akazitukana. Akikosea mchongo mmoja alikitazama kibao muda mrefu, kisha akasema neno lake, "Hapa hapafutiki," akaanza kibao kipya. Neno hilo alilitumia kwa mambo yote. Mtu akitukanwa na jirani, mtu akitoa talaka kwa hasira, Fundi alitikisa kichwa: hapa hapafutiki.

Mtu pekee aliyethubutu kumkosoa ni Zuhura. Alianza akiwa mdogo, akisimama nyuma ya bega lake, na hata alipokuwa mwari hakuacha.

"Mjomba, huyu mkono wake mfupi."

"Umeinama, ndiyo maana."

"Haujainama. Mfupi."

Fundi aliguna, akageuza kibao huku na huku, na mara nyingi nilimsikia baadaye akichonga upya. Lebo za kiwanda ndizo alizomfundishia kusoma. Zuhura alijua kusoma neno "sabuni" kabla hajajua kusoma jina lake.

Jambo lililombadilishia Fundi maisha lilikuja na mtu mmoja mwembamba, aliyekuwa dresa wa hospitali akafukuzwa kazi. Sie tulimwita Mwandishi. Kwa miaka mingi, akifunga watu vidonda, alikuwa akisikiliza wanayosimuliana kwenye foleni, akaenda kuyaandika kwenye daftari za shule. Karibu yote yalikuwa ya mumiani. Kwa asiyejua, mumiani ni watu tuliokuwa tukisema wanakamata wapita njia na kuwanyonya damu kwa mpira, ikatengenezwe dawa za wakubwa. Hakuna aliyewahi kuwaona, na kila mtu alimjua mtu aliyewaona.

Hadithi za Mwandishi hazikuwa za kelele. Nakumbuka moja, ya fundi baiskeli aliyepewa lifti akarudi kwake baada ya siku saba. Amerudi mzima, anacheka, anakula. Mkewe tu ndiye anayejua kwamba tangu siku ile mwili wake haupati joto, hata wakilala mablanketi matatu. Hadithi inaishia mke akiwa amekaa kitandani anamtazama. Zuhura aliisoma kwa sauti ukumbini, na alipomaliza nikajikuta nimejichoma sindano kidoleni.

Nilimuuliza Fundi kama yeye anaamini mambo hayo.

"Mumiani siamini," alisema. "Lakini watu hawaogopi bure, dada. Mtu akikwambia wananinyonya damu, muulize anatoka kazi gani, analipwa nini, kodi anatozwa kiasi gani. Mie nitachora hicho wanachokiogopa. Jina wameshakipa wenyewe."

Wakati ule kitabu hakikuchapwa hivi hivi. Kilipelekwa kwanza ofisi ya serikali, kikasomwa, na karani akarudi na kurasa zilizopigwa penseli ya buluu. Habari za mumiani walizichukia kuliko zote. Miaka ya nyuma watu walishapiga mawe gari la bwana afya kwa ajili hiyo. Mwenye kiwanda alitaka kukikataa kitabu, lakini alijua kitauzwa, basi akakipeleka.

Maneno, cha ajabu, hawakuyagusa sana. Mwandishi alikuwa mjanja. Hakutaja Mzungu, hakutaja hospitali. Waliyoiogopa ni picha ya jalada, kwa kuwa picha husomwa na asiyejua kusoma. Fundi alikuwa amechonga gari jekundu mbele ya mlango na mtu mwenye kofia kubwa akishuka, mkononi mpira na chupa.

Karani alikuja mwenyewe kwangu. Alikuwa kijana wa bara, msafi, mwenye adabu, akaniamkia shikamoo na kukaa barazani na jalada mapajani.

"Fundi, gari hili la nani?"

"La mwenye gari, bwana."

"Jekundu kama la zimamoto. Liondoe."

Fundi akatia alama.

"Na kofia hii?"

"Ya jua."

"Nani anavaa kofia kama hii?"

"Anayeogopa jua."

Karani hakucheka. "Iondoe. Mie sikutakii mabaya, Fundi. Nikiipeleka hivi ilivyo, watakufunga wewe, na mie watanifukuza."

Akaondoa. Akachonga kibao kipya. Wiki iliyofuata kikarudi: ondoa viatu vya buti. Akaondoa. Kikarudi: ondoa mpira na chupa. Akaondoa. Kila kibao kilimchukua siku nne au tano, na kila kilichorudi alikisimamisha ukutani pamoja na vingine. Ukivitazama kwa mpangilio uliona mtu yule yule akivuliwa kitu kimoja kimoja, mpaka wa mwisho akawa mwanamume wa kawaida, kanzu na kofia ya kiua, amesimama kwenye mlango wa nyumba ya kawaida, mikono inaning'inia. Hakuwa na uso bado. Mwanzoni kofia kubwa ndiyo iliyomfunika.

Zuhura alimtazama huyo wa mwisho akajifunga kanga mabegani. "Mjomba, huyu anatisha kuliko wa kwanza."

"Najua," alisema Fundi. "Yule wa gari ulijua umkimbie vipi. Huyu anaweza kuwa yeyote."

Siku kumi nzima hakugusa patasi. Kila uso aliomjaribia kwenye karatasi ulikuwa na mwenyewe. Pua ikielekea ya muuza maziwa, anafuta. Macho yakielekea ya mwadhini, anafuta. Mwenye kiwanda akawa anatuma watu kuuliza. Fundi akaacha kula, akawa anakunywa chai tu, na sukari nyingi.

Asubuhi moja nilimpelekea uji nikakuta amekishusha kile kioo kutoka dirishani, amekiegemeza mezani, anakitazama na huku anachonga. Sikuuliza. Aliniambia mwenyewe, bila kuinua kichwa.

"Nikimpa uso wa mtu, watu watampiga mawe. Nikimwacha bila uso, ofisi watasema nimemficha Mzungu. Basi nani mwingine aliyebaki?"

"Watu watakujua, Fundi."

"Watacheka. Watasema Fundi kaishiwa nyuso."

Alijichonga kama alivyojiona kwenye kioo, na kibao kilipochapwa kikageuza, ukatokea uso ule ule tuliozoea kuuona sie, pamoja na ukope wa jicho la kushoto uliolegea. Ofisi ikapitisha bila neno. Kwao alikuwa mwenyeji tu, amesimama mlangoni.

Vitabu vile nilivishona mie. Uso ule ulipita mikononi mwangu siku baada ya siku, nami nilikuwa na nafasi ya kumwendea Mhindi nikamwambia, huyu ni mpangaji wangu, msimfanyie hivi. Sikwenda. Nilidhani watu watacheka kweli.

Hawakucheka. Kitabu kiliuzwa sokoni Ilala, kikaingia Kinondoni, kikasomwa kwa sauti kwenye vibaraza. Walijua ni Fundi. Walijua ni picha. Lakini hadithi zilikuwa zimewaingia, na hofu ikikaa ndani ya mtu hutafuta mahali pa kutazama. Sasa ilikuwa na uso, na uso huo ulikuwa unakwenda dukani kununua sukari. Kinyozi alimwambia wembe umeharibika. Bombani wanawake walisogeza ndoo. Mtoto wa jirani alianguka akimkimbia, akapasuka kidevu, na mama yake akaja mlangoni kwangu kuniuliza kwa nini namweka. Fundi aliacha kutoka mchana wa jua kali, wakati vibaraza vimejaa.

Kisha gari la wagonjwa likapigwa mawe Ilala, dereva akaumia. Ofisi iliyopitisha kitabu ikakipiga marufuku. Askari kanzu walikuja wakachukua hata kurasa nilizokuwa sijashona. Mwandishi alihukumiwa kifungo. Alipotoka alikwenda kwao Kilwa na hatukumsikia tena. Fundi walimchukua siku mbili, yeye na vibao vyake vyote. Hawakumpiga. Walimpa randa, wakamkalisha chini, wakamwambia apige randa kila picha mpaka mbao iwe nyeupe, mbele yao. Hata ngamia wa majani ya chai. Alirudi na karatasi aliyotia sahihi kwamba hatachonga chochote bila ruhusa.

"Walinipa chai," aliniambia. "Nikimaliza kibao, wananimiminia chai. Walikuwa na adabu mno." Akaanza kulia, nami nikatoka nikamfungia mlango.

Zuhura wakati huo ameshaolewa Kinondoni. Mimba yake ya kwanza ilipofika miezi minane alirudi kwangu kujifungulia, kama ilivyo desturi. Uchungu ulimshika alfajiri. Mkunga alihangaika naye hadi jua limepanda, mtoto akatoka hana uhai, na damu ikakataa kusimama. Tukamkodia teksi.

Hospitali, nesi alitoka akaniambia daktari anataka damu ya kumwongezea, ndugu wajitokeze. Mie nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Wakanipima, wakaniambia damu yangu haipatani na yake. Mumewe alikuwa safarini Lindi. Walikuwapo mama mkwe wake na mashemeji wawili, vijana wenye nguvu, wapagazi wa bandarini. Nesi akawaambia. Wakatazamana.

"Wanachukua kwa mpira?" aliuliza mkubwa.

"Kwa mpira, na chupa," alisema nesi. "Dakika chache tu."

Mkubwa akamtazama mama yake, na mama yake akasema hapana. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Mmoja anakufa mle ndani, sitoi na wengine."

Hapo ndipo Fundi alipotokea. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Temeke, shati limemganda mwilini, na mkono wa shati ameshaukunja.

"Nitatoa mie," alisema.

Mama mkwe alisimama kati yake na mlango. "Wewe hupiti hapa."

"Mama, yule ni kama mwanangu."

"Uso wako nimeuona unasimama kwenye mlango wa watu. Leo umekuja na kwa huyu?"

"Mama, ile ni picha. Nilichonga mwenyewe. Ni mbao."

"Basi kwa nini ukachonga wewe?"

Mashemeji wakasogea, mmoja akamshika kifuani. Nesi alisema jamani, jamani, muda unakwenda. Fundi akageuka kwangu.

"Dada. Sema neno."

Nimesimulia mengi ya mtu huyu na hili ndilo langu. Nilikuwa na neno. Mgonjwa ni mwanangu, ningeweza kuwaambia wampishe. Nilijiambia baadaye kwamba niliwaogopa wakwe, kwamba binti akipona atarudi kuishi nao na wasimtie simango maisha yake yote. Hilo ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilipomtazama pale, mikono inaning'inia, mlango nyuma yake, nilimwona yule wa jalada. Mie niliyempikia uji miaka yote hiyo.

Nikasema, "Nenda nyumbani, Fundi. Tutakuita."

Alikunjua mkono wa shati, akafunga kifungo, akaondoka. Zuhura alikufa kabla ya adhana ya alasiri.

Siku za matanga Fundi hakuingia ukumbini. Alikaa ng'ambo ya barabara, juu ya jiwe, siku zote tatu, anainuka kwa sala tu. Watu walipokuwa wakitoka kunipa pole walimpita kama hawakumwona. Mie nilimwona kila mara nilipoinua macho. Mwezi wa nne baada ya hapo aliniletea ufunguo, akaniambia amepata mahali. Tulipeana mkono.

Baadaye nikasikia anafanya kazi ya serikali, kuchora mabango ya afya. Nikayaona mwenyewe: mbu mkubwa juu ya dimbwi, choo kilichofunikwa vizuri, na moja lililobandikwa kila zahanati, mkono wa mtu umenyooshwa, mshipa umejitokeza, na maneno ya kuwaomba watu watoe damu. Hakuna hata bango moja lililokuwa na uso. Watu walisema Fundi amenunuliwa na wale wale waliompigisha randa. Nami nilisema hivyo, mbele za watu, zaidi ya mara moja. Ilinisaidia kumchukia kidogo.

Miaka ikapita. Muuza maziwa, ambaye siku hizi alikuwa mzee, aliniambia Fundi anaumwa, yuko Gongo la Mboto kwa mpwa wake, na huenda hatavuka mwezi. Nilikaa na habari hiyo siku tatu. Ya nne nikavaa buibui, nikapanda basi la Pugu.

Nilimkuta amelazwa kwenye kitanda cha kamba nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amekwisha kabisa, mifupa na ngozi. Mpwa wake, mwanamke wa makamo mwenye maneno laini, aliniwekea kigoda akatuacha.

"Umekuja, dada," alisema.

"Nimekuja. Nilichelewa."

"Njia mbovu."

Tukazungumza habari za Temeke, nani kafa, nani kajenga. Alitaka kujua kama dirisha la chumba cha mbele bado linafunguka. Nikamwambia linafunguka. Kisha nikashindwa kuendelea na hayo.

"Fundi, kuna jambo nataka kukuuliza. Ukiona uzito, usinijibu."

"Uliza."

"Siku ile wangekupisha. Damu yako ingemfaa?"

Akaninyooshea mkono, nikaushika.

"Nilirudi hospitali wiki iliyofuata nikapimwa," alisema. "Nilitaka kujua na mie. Haikuwa ya kumfaa, dada. Hata wangenipisha, isingefaa."

"Kweli?"

"Nesi aliniambia mwenyewe. Lala usingizi wako."

Sikuwahi kulia hivyo tangu siku ya maziko. Nililia nimeinamia ubavu wa kile kitanda, na yeye akawa ananipigapiga mgongoni kwa mkono usio na uzito wowote. Miaka yote hiyo nilikuwa nikijihesabu muuaji wa mwanangu, na sasa mtu mwenye haki ya kunilaumu alikuwa ameniondolea. Nilimwomba radhi kwa nilivyomfukuza, na kwa niliyoyasema juu ya mabango. Akasema yamekwisha.

Mpwa wake alinisindikiza mpaka barabarani kusubiri basi. Alinibebea kikapu. Njiani alinishukuru kwa kuja, akasema marafiki wa zamani wa mjomba wake hawaji, wengi bado wanamwogopa.

"Na ni mtu mwema sana, mama," alisema. "Tangu nikiwa msichana, hospitali walikuwa wakimfuata na gari mpaka huku shamba. Kuna mama anajifungua, kuna mtu kagongwa, wanamjia yeye. Amewaokoa watu wengi hata hajui majina yao."

"Kwa nini yeye?" niliuliza.

"Walisema damu kama yake ni chache. Hawana haja hata ya kuchagua mgonjwa. Inamfaa mtu yeyote."

Basi lilikuwa linakuja. Akanipa kikapu changu, akaniambia niwasalimie wa nyumbani. Nikamwambia zimefika.